Namba ya Dereva wa Bajaji: Kisa cha Timu ya Utafiti wa Kiharusi Dar es Salaam

Kisa hiki kinaihusu timu moja ya utafiti ya chuo kikuu hapa Dar es Salaam. Jina la chuo, la hospitali, mitaa na miaka nimeviondoa. Watu nimewataja kwa kazi zao, na baadhi ya mambo madogo ya familia nimeyabadilisha ili asitambulike mtu. Hesabu za wagonjwa pia sikuziweka, maana zingeielekeza kidole timu yenyewe. Nilikuwa mratibu wa utafiti huo kwa sehemu kubwa ya muda ninaousimulia, na makosa kadhaa yaliyomo humu ni yangu.

Namwandikia hasa mratibu mwenzangu anayeanza. Utapewa itifaki, yaani mpango rasmi wa utafiti, bajeti na ratiba ya vikao. Hakuna atakayekukabidhi orodha ya watu ambao utafiti wako unawategemea kweli kweli.

Usuli

Kiharusi hutokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au unapopasuka. Daktari hawezi kutofautisha hayo mawili kwa uhakika kwa kumtazama mgonjwa tu. Anahitaji picha ya sitiskani. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda humfaa aliyezibwa mshipa na inaweza kumuua aliyepasukiwa. Na hata huyo aliyezibwa kwa kawaida anatakiwa aipate ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Mtu wa Mbagala aliyelala mzima, akaamka mkono haunyanyuki na mdomo umekwenda upande, hana namna ya kujua saa zake zilianza kuhesabiwa lini.

Dar es Salaam tuna bahati ya kuwa na hesabu ya msingi. Kati ya Juni 2003 na Juni 2006, mradi uliojulikana kwa kifupi kama TSIP ulihesabu visa vipya vya kiharusi katika jamii, sehemu mbili: wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, na hapa jijini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet Neurology, na miongoni mwa waandishi walikuwamo Richard Walker, Ferdinand Mugusi na Eric Aris. Visa vilikuwa 636: Hai 453, Dar es Salaam 183. Baada ya kusawazisha tofauti za umri wa watu, Dar es Salaam ilitoka na visa 315.9 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Hai 108.6.

Sisi tuliinukuu hiyo 315.9 kila tulipoandika ombi la fedha. Hatukuwahi kukaa tukasoma kwa makini jinsi ilivyopatikana. Mradi ule uliweka wachunguzi ndani ya jamii, ukashirikiana na wahudumu wa hospitali na vituo vya afya, na viongozi wa vijiji wakawa wanatoa taarifa. Mgonjwa aliyefariki kabla hajafikiwa, ndugu zake walihojiwa ili ijulikane kama kweli kilikuwa kiharusi. Kwa maneno mengine, namba ile ilitoka kwa watu wanaojua nani kalala ndani, nyumba ipi, tangu lini. Laiti tungelitafakari hilo mapema, sehemu kubwa ya kisa hiki isingekuwapo.

Timu yenyewe

Utafiti wetu ulikuwa wa hospitalini. Mgonjwa wa kiharusi akilazwa na kuridhia, au ndugu akiridhia kwa niaba yake pale ambapo hawezi kusema, anaandikishwa. Kisha anaulizwa hali siku ya 28, siku ya 90, na akitimiza mwaka. Siku ya 90 ndiyo iliyobeba swali letu kuu. Tulitumia kipimo cha Rankin kilichoboreshwa, chenye ngazi kuanzia 0, mtu asiye na dalili yoyote, hadi 5, mtu wa kitandani anayehitaji kuuguzwa muda wote. Ngazi ya 6 ni kifo.

Mtafiti mkuu alikuwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, tuliyemwita Prof kama kila mtu alivyomwita. Chini yake walikuwapo madaktari wawili wanaosomea ubingwa, muuguzi wa utafiti tuliyemwita Sista, mtaalamu wa viungo aliyekuwa kwetu nusu siku, mtunza takwimu, na mimi. Hawa ndio waliokuwa na viti kwenye kikao cha Jumatatu.

Alikuwapo na dada wa simu. Kazi yake kwenye mkataba iliandikwa "karani wa ufuatiliaji". Alikaa chumba cha mwisho wa korido pamoja na maboksi ya fomu, feni moja, na simu mbili. Mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu mitatu. Kabla ya kuja kwetu alikuwa mapokezi kwenye zahanati, na kama kuna shule inayofundisha kazi ile vizuri kuliko mapokezi ya zahanati ya uswahilini, mimi siijui.

Pengo la siku ya 90

Jumatatu moja mtunza takwimu alifungua kompyuta yake ukutani na kutuonyesha safu ya siku ya 90. Kwenye mfumo wetu, taarifa ikikosekana huandikwa 99. Zilikuwa 99, 99, 99, zikishuka skrini nzima, na katikati yake ngazi za Rankin zimetawanyika kama mahindi yaliyoota shamba la ukame. Kwa kiasi kile cha wagonjwa waliopotea hakuna jarida lingeyapokea matokeo yetu, na lingekuwa na haki.

Kilichotusumbua zaidi ya idadi ni swali la nani hasa waliopotea. Kama wanapotea kwa kubahatisha, sampuli inapungua tu. Lakini kama waliokufa na waliolala kitandani ndio wasiopokea simu, basi tunaobaki nao ni waliopona, na tutaitangazia dunia kwamba kiharusi cha Dar es Salaam ni chepesi kuliko kilivyo.

Tulilichukulia kuwa tatizo la mawasiliano, na uamuzi huo niliupendekeza mimi. Tukaongeza fedha za vocha. Tukanunua laini za mitandao mingine. Tukaanza kutuma ujumbe mfupi kwa wote kwa mpigo, unaomtaka ndugu apige namba fulani kuhusu mgonjwa wake.

Ujumbe ule ulitugharimu. Mtu wa mji huu ameshapokea mara ngapi ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Unapomtumia maneno yanayomtaja mgonjwa wake, kutoka namba asiyoifahamu, unamtisha, na akishatulia anaona ni matapeli. Wengine walijibu kwa matusi. Wengine walitufungia kabisa, na hao tukawa tumewapoteza kwa mikono yetu.

Wakati wote huo, wiki kadhaa za vikao, dada wa simu hakuulizwa. Hakuna aliyemkataza kuja. Kikao kilikuwa "cha wataalamu", na hakuna aliyefikiria vingine.

Kaunta buku

Nilikwenda chumbani kwake jioni moja kutafuta fomu. Alikuwa kwenye simu, nikasimama mlangoni nikisubiri.

"Shikamoo mama. Ni binti yako wa utafiti wa kiharusi, yule tuliyeonana wodini, nimevaa kilemba cha njano. Hapana mama, mimi siyo wa deni. Deni wanahusika watu wengine. Nimepiga kumjulia hali mzee."

Akasikiliza. Upande wa pili sauti ilisema mzee hajambo, anaendelea vizuri, wanamshukuru Mungu.

Kwa fomu yetu, swali lililofuata lilikuwa kama mgonjwa anahitaji msaada katika shughuli zake za kila siku. Aliuliza. Akajibiwa hapana, hahitaji. Hapo mimi ningeandika ngazi ya 2 nikafunga ukurasa. Yeye aliweka kalamu chini.

"Mama, leo asubuhi kaogeshwa na nani?"

Na mjukuu.

"Na chooni anakwenda mwenyewe?"

"Chooni! Mwanangu, yule kitandani hatoki. Tunamvalisha pampasi."

Mgonjwa aliyekuwa "anaendelea vizuri" alikuwa ngazi ya 5. Na mama yule hakudanganya hata neno moja. Kwetu ukiulizwa hali ya mgonjwa, jibu la kwanza ni adabu: hajambo, tunashukuru. Habari yenyewe inakuja baadaye, ukiisubiri. Na kumwogesha baba yako siyo "msaada" kwa mjukuu aliyelelewa vizuri, ni wajibu wa nyumbani, hakuna anayeuhesabu. Baadaye dada wa simu alinionyesha swali jingine baya zaidi, lililouliza kama mgonjwa "anajiweza". Familia kadhaa zilikuwa zimejibu kwa kueleza hali yao ya fedha. Mtu anayejiweza, kwa Kiswahili cha kila siku, ni mwenye uwezo wa mali. Maswali hayo tuliyatafsiri sisi, watu wenye shahada, tukiwa ofisini, na tukayapitisha.

Nilipomwuliza anakumbukaje yote hayo, alifungua droo na kutoa kaunta buku. Kurasa zimejaa. Mfumo wetu ulimpa sehemu moja ya kuandika kwa kila simu: "amepatikana" au "hapatikani". Mengine yote aliyoyasikia aliyaandika mle, kwa sababu, kama alivyoniambia, aliona vibaya kuyatupa.

Nanukuu baadhi, nikiwa nimeondoa namba za utambulisho:

"Kasafirishwa Lindi kwa dada yake. Hapa mjini hana wa kumwuguza, wote wanakwenda kazini."

"Alifariki siku ya 41. Mke yuko eda, asipigiwe. Ongea na mdogo wa marehemu, baada ya isha."

"Anapokea mtoto wa shule. Mama anarudi sokoni saa mbili usiku."

"Wanadhani tunadai bili. Mwite kwa jina la mtoto wake mkubwa."

"Amepona, yupo kibaruani, mchana hapokei namba ngeni."

"Namba ni ya dereva wa bajaji. Alimpakia tu mgonjwa. Kila nikipiga ananiuliza, yule mama alipona?"

Nilisoma nikiwa nimesimama mpaka taa za korido zikazimwa. Kila 99 iliyokuwa ikitutesa Jumatatu ilikuwa na maelezo yake mle. Walikuwamo waliokufa, walikuwamo walemavu waliopelekwa mikoani, na walikuwamo waliopona wakarudi kazini. Takwimu zetu zilikuwa zimepinda pande mbili kwa wakati mmoja, na mtu aliyejua zimepinda wapi alikuwa hatua thelathini kutoka chumba cha mkutano.

Maamuzi na sababu zake

Jumatatu iliyofuata nilimwomba aje na daftari. Nilidhani Prof angefurahi. Alikasirika kwanza, na sababu yake ilikuwa sahihi: taarifa za wagonjwa, zikiwamo habari za vifo na za fedha, zilikuwa kwenye droo isiyo na kufuli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haiachi nafasi ya kitu hicho, na hata bila sheria ni jambo la aibu kwa timu ya chuo. Dada wa simu alitazama meza. Prof akatulia, akageuka kwangu, akauliza kwa nini mfumo haukumpa mahali pa kuandika. Sikuwa na jibu la kumpa.

Uamuzi wa kwanza ukawa kuhamisha yaliyomo kwenye mfumo wenye nywila, chini ya utambulisho wa namba tu, na kuifungia kaunta buku kabatini. Mtunza takwimu alitengeneza sehemu mpya: mgonjwa yuko wapi sasa, nani anamwuguza, saa nzuri ya kupiga, nani asipigiwe. Sehemu ya maelezo aliiwekea ukomo wa herufi 100. Dada wa simu akamwambia kwa upole, "Kaka, kifo hakielezeki kwa herufi mia." Ukomo ukaondolewa.

Uamuzi wa pili ulihusu ile fomu ya mawasiliano ya wodini. Ilikuwa inauliza "namba ya simu ya ndugu", na Sista, mwenye wodi imejaa, alikuwa anaandika namba ya yeyote aliyesimama kando ya kitanda. Aliyemleta mgonjwa hospitali si lazima awe ndiye atakayemlaza kwake. Maswali yakawa matatu. Akitoka hapa atalala kwa nani? Akisafirishwa, atapelekwa kwa nani na wapi? Wewe uliyemleta, ni nani kwake? Kisha namba inapigwa pale pale, simu iite mikononi mwa mwenyewe, naye aihifadhi kwa jina atakalolikumbuka, na aridhie kwa hiari yake kutunziwa namba. Hii ya mwisho tulikuwa tumeisahau kabisa: tulichukua ridhaa ya mgonjwa, tukahifadhi namba za watu ambao hawakuwahi kuulizwa.

Maswali ya Rankin yalituchukua muda mrefu zaidi, na hapa ndipo palipokuwa na mvutano wa haki pande zote mbili. Dada wa simu alitaka aanze kuuliza kwa njia yake kesho yake. Prof alikataa. Alieleza, bila kumdharau, kwamba kama kila anayepiga anauliza anavyojua, ngazi ya 3 ya leo haitalingana na ngazi ya 3 ya mwezi ujao, na utafiti utakuwa masimulizi tu. Kwa hiyo tulikaa, dada wa simu, mtaalamu wa viungo na daktari mmoja, tukayaandika maswali yake kwa mpangilio: nani alimwogesha, anakwenda chooni vipi, anatembea hatua ngapi bila kushikwa, juzi alikaa peke yake nyumbani au la. Tukayapeleka kama marekebisho ya itifaki kwenye bodi ya maadili ya chuo na kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, tukasubiri. Kipindi cha kusubiri kilimuumiza. Alilazimika kuuliza maswali anayojua ni mabovu, na kuandika majibu anayojua si kweli. Nadhani Prof alikuwa sahihi, na bado nadhani dada wa simu ndiye aliyelipa gharama ya usahihi huo.

Kwa waliokosekana kabisa kwenye simu tuliamua kwenda nyumbani, kwa barua kupitia serikali ya mtaa na mjumbe. Siku ya kwanza tulikwenda na gari lenye nembo ya mradi ubavuni. Tulipofika uani, majirani walikuwa wameshatoka wote kutazama nani anaumwa nini. Tangu siku hiyo gari liliachwa barabarani na tulitembea kwa miguu, bila makoti meupe.

Tulikwenda na mtaalamu wa viungo, na yeye ndiye aliyetufungulia milango. Alimwonyesha binti wa nyumba jinsi ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa 2 asipate vidonda vya mgandamizo, na jinsi ya kumshika asimvute kwa ule mkono uliolegea, maana bega la mkono huo huteguka kirahisi. Nyumba moja binti alilia. Miezi mitatu alikuwa akimwinua mama yake kwa kumvuta mkono ule ule, na hakuna aliyemwambia.

La mwisho lilikuwa kuhusu vifo. Familia iliyofiwa inapigiwa mara moja tu, na mtu mmoja, na mazungumzo yanaanza kwa pole. Mjane aliye eda haulizwi. Eda ni miezi minne na siku kumi, kwa hiyo siku ya 90 bado yumo ndani. Ratiba yetu ya utafiti haikuwa imelifikiria hilo hata kidogo.

Matokeo

Nafasi tupu zilipungua mpaka utafiti ukasimama tena kwa miguu yake. Picha iliyojitokeza ilikuwa mbaya kuliko ya mwanzo: vifo vingi zaidi, na watu wengi zaidi wa ngazi ya 4 na 5. Muhtasari uliokuwa tayari kwenda kwenye mkutano wa kisayansi ulisimamishwa. Prof aliufuta mwenyewe, mbele yetu, na sikumwona akisita.

Halafu mkataba wa dada wa simu ulifika mwisho wa miezi yake mitatu, na fedha za awamu iliyofuata zilikuwa zimechelewa. Nilimwomba avumilie. Mradi mwingine ulimpa mkataba wa mwaka. Alikuja kuaga na keki ya nazi, akamkabidhi mrithi wake kila kitu kilichoandikika, akaondoka. Mrithi alikuwa kijana mwerevu na mchapakazi. Ndani ya muda mfupi 99 zilianza kurudi.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni mabadiliko ya fomu ya wodini, nayo hayakugharimu chochote. Maswali matatu, na simu moja iliyopigwa pale pale. Kama ningeruhusiwa kubeba kitu kimoja kutoka kisa hiki kwenda utafiti mwingine, ningebeba hicho.

Maswali mapya yalifaa pia, lakini yalikuja kwa kuchelewa, na kuchelewa huko hakukurekebishika. Wagonjwa wa mwanzo walipimwa kwa maswali ya zamani. Hatukuweza kurudi nyuma kuwauliza walikuwaje siku ya 90. Ilibidi tuwachambue kama makundi mawili na kueleza sababu. Dodoso linapaswa kujaribiwa na mtu anayepiga simu, kwa familia za kweli, kabla mgonjwa wa kwanza hajaandikishwa. Sisi tulilijaribu sisi kwa sisi.

Ziara za nyumbani nazionea fahari, na hapo hapo nakiri zina kasoro ya kitaalamu. Utafiti wetu ulikuwa wa kuangalia yanayotokea, si wa kutibu. Mtaalamu wa viungo alipomfundisha yule binti, alibadilisha kile tulichokuja kukipima, hasa kipimo cha mwaka mmoja. Mmoja wa madaktari vijana alisema tusingefanya. Wengine tulisema mtu huwezi kumwona mgonjwa anavutwa bega ukaandika tu. Tulikubaliana kwamba mpimaji mmoja atoe ngazi ya Rankin kwanza, kisha mafundisho yafuate, na kila nyumba iliyofundishwa iandikwe. Ni suluhu ya katikati. Leo ningelifanya vile vile.

Tulishindwa kwenye majina. Makala ilipoanza kuandikwa nilipendekeza dada wa simu awe mwandishi mwenza. Vigezo vya kimataifa vya ICMJE, kamati ya wahariri wa majarida ya tiba, viko vinne: mchango wa maana katika ubunifu wa utafiti au katika kukusanya au kuchambua taarifa, kushiriki kuandika au kuhakiki, kuidhinisha toleo la mwisho, na kuwajibika kwa kazi yote. Baadhi ya wenzangu walisema kupiga simu peke yake hakutoshi, na kwa maandishi wana hoja. Lakini maswali yaliyookoa kipimo chetu kikuu aliyatunga yeye. Kigezo cha kwanza alikuwa nacho mkononi. Vigezo vilivyobaki ni vya kupewa nafasi: anatumiwa rasimu, anaisoma, anasema. Prof aliafiki apelekewe rasimu. Wakati huo dada wa simu alikuwa ameshaondoka, barua pepe yake ya mradi imeshafungwa, na mimi nilichelewa kumtafuta kwa namba yake mwenyewe. Jina lake liko kwenye shukrani, mstari wa pili. Mtu aliyetutafutia namba za mji mzima, ya kwake sikuipiga kwa wakati.

Na mkataba wa miezi mitatu mitatu ulikuwa kosa la bajeti kabla ya kuwa kosa la utawala. Tulipanga fedha za kompyuta kwa miaka yote ya mradi, na fedha za mtu anayezungumza na wagonjwa tukazipanga kwa robo mwaka. Nikiandika bajeti sasa, mstari wa ufuatiliaji nauweka wa muda wote wa utafiti, pamoja na mtu wa pili anayejifunza kwa kukaa naye chumba kimoja, akisikiliza. Kijana aliyerithi hakukosa bidii. Alikabidhiwa maswali, hakupata miezi ya kusikia jinsi yanavyoulizwa.

Faili moja

Yule mama wa bajaji hatukumpata kwa simu kamwe, kwa kuwa namba pekee tuliyokuwa nayo ilikuwa ya dereva. Alipigiwa mara nyingi, na kila mara aliuliza kama mama alipona, na kila mara aliambiwa hatuwezi kusema. Siku ya ziara tulimwomba atuelekeze tu alikompakia. Alikumbuka: nyuma ya msikiti, nyumba yenye mwembe, geti la bati. Mjumbe akatupeleka.

Mama alikuwa amefariki wiki ya pili baada ya kutoka hospitali. Mwanawe alitupokea, akatupa viti, akajibu maswali yote. Sista alipomaliza, alimwuliza kama angependa tumjulishe yule dereva, au tuache.

Kijana alinyamaza kidogo. Akasema usiku ule yule dereva hakudai nauli, na kesho yake walimtafuta vituo vyote vya bajaji wampe chake na wamshukuru, wakamkosa, hawakuwa na namba yake.

Sista alimpigia dereva palepale uani, kumwomba ruhusa ya kuitoa namba. Aliiambatanisha ridhaa ya wote wawili kwenye faili, akaandika tarehe, kisha akampa kijana simu.